Kigae -02+036: Kutoka Wilson hadi Magadi kwa Ortho4XP

Nafundisha jiografia katika shule ya upili upande wa Lang'ata, na ndege za Wilson, uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi, hupita juu ya darasa langu kutwa nzima. Wanafunzi wangu hutambua mlio wa Cessna kabla hawajaiona. Ila ukiwauliza rubani anaona nini akitazama chini, wanakuchorea ramani ya kitabuni: kijani kwa mabonde, kahawia kwa milima, mstari mwekundu kwa barabara. Jambo hilo limenisumbua miaka mingi. Likizo ya Aprili niliiweka yote mikononi mwa Ortho4XP, na sasa naweza kuielezea kwa uhakika.

Ortho4XP ni programu ya bure aliyoiandika Oscar Pilote kwa ajili ya X-Plane, simuleta ya kurushia ndege kwenye kompyuta. Inateremsha picha za angani na za setilaiti, inachukua data za miinuko, inachukua maziwa, mito na barabara kutoka ramani huria ya OpenStreetMap, kisha inazitandika picha hizo juu ya umbo la ardhi kama kitambaa juu ya meza yenye vitu. Bila picha, simuleta hujua tu kwamba hapa ni mji, pale ni nyasi, kisha hupaka rangi inayofaa mji wowote na nyasi zozote. Ukiwa na picha, unaona Kibera yenye mabati yake, rangi ya kutu na ya fedha zikipishana hadi ukingoni mwa reli, na huhitaji kuambiwa ni wapi.

Dunia yote imekatwa vigae vya digrii moja kwa moja, na kila kigae kinaitwa kwa pembe yake ya kusini-magharibi. Chetu ni -02+036. Kina upande wa kilomita 111 hivi, na kwa mwalimu wa jiografia ni sanduku la hazina: katikati ya jiji na Wilson na JKIA, uwanja mkuu wa ndege, mbuga ya taifa ya Nairobi, vilima vya Ngong vyenye mita 2,460, ukuta wa Bonde la Ufa, Olorgesailie penye mashoka ya mawe, na kule chini kabisa Ziwa Magadi, mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Yote hayo katika kigae kimoja. Thika imekosa kwa kilomita chache, iko kigae cha jirani.

Kujenga kwenyewe si kazi ya kutisha. Unachagua kigae kwenye ramani, unachagua chanzo cha picha, unachagua kiwango cha kukuza (kikiwa juu zaidi, picha huwa kali zaidi na nzito zaidi), unabonyeza. Kompyuta yangu niliinunua Luthuli Avenue ikiwa imeshatumika, ina gigabaiti 16 za kumbukumbu, na ilitosha. Kwa kiwango cha 17 kigae hiki kinataka picha zaidi ya 500, na matokeo yake ni karibu gigabaiti 6 kwenye diski. Usiku wa pili stima ilipotea kazi ikiwa nusu. Nililala nikijua nimepoteza bando yote. Asubuhi nilipoiwasha, programu ilikagua picha zilizokwisha kushuka, ikazihesabu kuwa zimo, ikaendelea na zilizobaki. Kwa hilo peke yake ningeisifu mbele ya mtu yeyote anayelipia intaneti kutoka mfukoni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo karibu kila maelekezo niliyofuata hayakulisema, kwa kuwa yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wote wanashauri: tumia kiwango cha 16 kwa nchi nzima, kinatosha. Hapa hakitoshi. Ramani hizi zimepangwa kwa makadirio ya Mercator, yale yale ninayofundisha kwa kuonyesha Greenland iliyovimba hadi kukaribia Afrika. Kwa kuwa Mercator huvuta nchi za mbali na ikweta, kiwango kile kile cha kukuza kinawapa wao picha kali kuliko sisi. Kiwango cha 16 kule London ni mita moja na nusu kwa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha. Nairobi, karibu na ikweta, ni mita 2.4. Barabara ya Ngong inakuwa ukungu. Ukipanda hadi 17 unapata mita 1.2 kwa pikseli, na matatu ya abiria 14 inakuwa doa la pikseli nne. Ukipanda hadi 18 inakuwa doa refu la pikseli nane na unaweza kusema kwa haki kwamba lile ni gari. Lakini 18 kwa kigae kizima ni zaidi ya gigabaiti 20, na ni za nini juu ya nyika ya Kajiado?

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Nairobi ni huu: 17 kila mahali, na 18 kuzunguka viwanja vya ndege tu. Programu ina mahali pa kuiagiza ifanye hivyo, na vilevile unaweza kuchora mwenyewe eneo unalotaka likazwe. Mimi nilichora kuanzia Wilson hadi Upper Hill, nikaongeza ukingo wa kaskazini wa mbuga, pale ambapo uzio, barabara na nyumba vimebanana.

Picha ni bapa. Hilo lazima lisemwe. Majengo marefu ya Upper Hill yamelala chini na vivuli vyake, kwa sababu kamera iliyatazama kwa ubavu. Programu inaweza kuchota miti na nyumba zilizomo tayari ndani ya X-Plane na kuziweka juu ya picha kama tabaka la pili, na tabaka hilo lazima liwe juu ya picha kwenye faili ya mpangilio, la sivyo hulioni. Ukiwa futi 500 juu ya mji, nyumba ya kubuni hukaa juu ya paa la kweli na jicho linagoma. Ukiwa futi 3,000 juu ya ardhi kila kitu kinakubaliana. Kwa kujifunza kutua hii si dawa. Kwa kusoma nchi, sijaona kitu kizuri zaidi.

Tena picha hazikupigwa siku moja. Chanzo cha kwanza nilichojaribu kilinipa mstari ulionyooka kama wa rula kwenye nyika ya kusini ya mbuga: upande mmoja nyasi za kiangazi, kahawia ya mkate, upande wa pili kijani cha baada ya masika. Na juu ya Ngong palikuwa na wingu limekaa, jeupe, na kivuli chake ubavuni. Nilibadilisha chanzo na wingu likaondoka. Mstari nimeuacha makusudi, kwa sababu nilipouonyesha darasani, kidato cha pili walibishana dakika kumi kuhusu miezi gani imeonekana pale, na ubishi huo sikuupata hata siku moja kutoka kitabuni.

Kisha Magadi. Hapa nilikasirika kabla sijaelewa. Nilipaa kutoka Wilson, nikavuka Ngong, ardhi ikaanguka chini ya mabawa kama inavyoanguka kweli, ngazi baada ya ngazi, nikafurahi mpaka machozi yakanilenga. Nikafika Magadi nikakuta ziwa lenye mawimbi, linametameta kwa bluu iliyochanganyika na waridi hafifu. Magadi! Jina lenyewe linajieleza. Ni magadi yale yale mama anayotia kwenye maharagwe yakigoma kuiva. Sehemu kubwa ya ziwa ni gamba gumu la chumvi ya soda, lenye rangi nyeupe na waridi, na watu wamelichimba tangu enzi za ukoloni.

Kumbe ramani inasema ziwa, na programu haina sababu ya kubisha. Panapoandikwa ziwa huweka maji ya simuleta chini, kisha picha juu yake ikiwa imepunguzwa uzito. Kuna namba inayoamua uzito huo, na ilikuja ikiwa robo: robo maji, robo tatu picha. Niliishusha hadi sifuri, nikajenga kigae upya bila kupakua picha hata moja tena, na Magadi ikarudi kuwa Magadi: gamba lililopasuka, mistari ya mabwawa ya kukaushia, mji mdogo ukingoni. Namba moja tu. Yeyote atakayejenga maziwa ya soda ya Bonde la Ufa aishushe kabla hajaanza.

Walimu wenzangu wameniomba niwape kigae changu kwenye flashi. Nimekataa, na naomba wasinielewe vibaya. Programu ni ya bure lakini picha zina wenyewe, na ruhusa ninayoitegemea ni ya matumizi yangu. Nimewaandikia hatua zote kwa Kiswahili, kurasa mbili, kila mmoja ajenge chake. Aliye na intaneti ya kasi isiyokatika anaweza kuchukua Microsoft Flight Simulator, ambayo hushusha picha wakati unaruka. Shuleni kwetu mtandao haubebi mzigo huo. Kigae kilichokaa kwenye diski hakijali.

Juma la kwanza la muhula tulipaa na kidato cha tatu, projekta ukutani, mapazia yamefungwa. Kutoka Wilson hadi Magadi kwa Cessna 172 ni chini ya nusu saa, kwa hiyo somo la dakika arubaini linatosha. Tuliposhuka ukuta wa bonde, kijana mmoja ambaye kwao ni huko akasimama. "Mwalimu, rudi kidogo kushoto." Nikarudi. Akaenda ukutani akafuata kwa kidole njia ya reli hadi kiwandani, akatuonyesha wapi lori hugeukia, na kwa nini barabara imepinda pale: bonde la mto mkavu ambalo mimi nilikuwa nimelipita mara ishirini bila kuliona.

Sasa nimeanza kigae -01+036, chenye Longonot na Naivasha. Naivasha ni maji matamu, kwa hiyo ile namba nairudisha robo. Lakini ziwa lilivimba sana mwaka wa 2020, na ukingo uliochorwa kwenye ramani haulingani na ukingo ulio kwenye picha zangu. Tofauti hiyo kidato cha tatu wataipima wenyewe, kwa pikseli, Jumatano ijayo.