Idi ya kipupwe Lushoto: uzoefu wangu na nyumba ya kupanga yenye jiko la kuota moto

Sisi ni watu wa Tanga mjini, Ngamiani, lakini mama yangu asili yake ni Soni, huko huko karibu na Lushoto. Nyumba ya bibi iliuzwa zamani, kwa hiyo siku hizi tukipanda milimani tunalipa kulala. Ndugu na marafiki huniuliza kama kupanga nyumba nzima Lushoto kunafaa kwa familia yenye wazee na watoto, hasa wakati wa baridi. Kunafaa, ila pigeni hesabu ya kuni.

Mara ya kwanza tulikwenda Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, ya 2023. Mwaka wa Kiislamu una upungufu wa siku kama 11 ukilinganisha na huu wa kalenda ya ukutani, hivyo Idi hurudi nyuma kila mwaka na huchukua miaka kama 33 kuzunguka misimu yote. Ile ya 2023 ilituangukia mwishoni mwa Juni. Idi ya mwisho niliyokula kwenye baridi ya Usambara ilikuwa Juni 1991, mimi mtoto, baba yu hai, tumebanana nyuma ya Land Rover kutoka Mombo. Mama alishaihesabu hiyo miaka kichwani. "Nikingoja mzunguko mwingine wa Idi ya kipupwe," alisema, "mtanipeleka kwa jeneza." Basi safari ikawa safari.

Njia mnaijua: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo. Muheza huo ndio wakati wa machungwa, jitayarisheni kusimama. Mombo bado ni joto, watu wanakunywa soda baridi. Zikianza zile kilomita 33 za kona kwenda Lushoto, madirisha yanafungwa moja baada ya jingine. Bebeni mifuko ya kutapikia watoto.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, kuta nene, paa la bati, vyumba vitatu na sebule yenye jiko la kuota moto lililojengwa ukutani. Hilo jiko ndilo tulilolipia, mengine ni nyongeza. Usiku wa Juni na Julai kule joto hushuka kuelekea nyuzi 10, na mtu aliyezoea kulala na feni hapo lazima atafute blanketi la pili. Mtunza nyumba, mzee wa Kisambaa, huja magharibi na kuni za mkaratusi, anawashia vijiti vya msindano vyenye utomvu, vinashika upesi. Mama alikuwa amejikunyata kwenye kigoda, soksi za kiume miguuni, koti la marehemu baba juu ya kanga. Moshi ulipomfikia akaanza kumgombeza mzee wa watu kwa Kisambaa, kisha kwa Kiswahili ili na sisi tusikie: kuni mbichi hizi, unatukausha kama samaki. Mzee hakugeuka. "Subiri, dada, hilo koti utalivua mwenyewe." Hata isha haijaadhiniwa, koti lilikuwa begani kwa mjukuu.

Kwa familia za Kiislamu, lililonifurahisha zaidi ni kuruhusiwa kuchinja mbuzi wetu uani na kupika pilau nje kwa mafiga. Jiko la gesi la ndani lina plati mbili, linatosha chai tu. Sufuria kubwa bebeni, na nazi mbebe kutoka pwani. Karoti, njegere, kabichi na viazi msihangaike navyo, soko la Lushoto limejaa. Plamsi na pichesi wanazoulizia watu wengi ni za kuanzia Desemba, kipupwe hamtazikuta. Jibini ya shamba la Irente ipo, watoto waliimaliza kwa mkate kabla sijaionja.

Sasa malalamiko. Bei tulikubaliana kwa simu, sikukuu ilipokaribia wakapandisha, eti bei ya Idi. Nilibisha, tukagawana tofauti, lakini haikunipendeza. Kuni hazimo kwenye bei: fungu lilikuwa shilingi 5,000, na jioni moja inakula fungu zima na zaidi. Maji ya kuoga yanapashwa kwenye pipa la kuni nyuma ya nyumba; wakioga wawili, wa tatu asubiri au aoge kipwani. Na kutoka gari linapoegeshwa hadi mlangoni kuna ngazi za mawe zisizo na kishikio. Mama tulimshika mikono huku na huku, anatukaripia njia nzima kwamba hajawa mgonjwa.

Kipupwe kilichofuata tulirudi, na ngazi zilikuwa vilevile. Maji yameboreshwa kidogo. Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata wakiweka kishikio na kuacha mambo ya bei za simu. Agosti hii tumeshaomba nafasi tena, na safari hii nimewataka wanitumie bei kwa maandishi, kuni zikiwemo.