Karabai au taa ya sola kwa uvuvi wa omena?

Siku za giza la mwezi zikikaribia, wavuvi wa Dunga na fuo nyingine za Kisumu hubishana tena: wavutie omena, dagaa wa ziwani, kwa taa ipi?

Karabai, taa ya mafuta ya kupampu, ni nafuu kununua na mafundi wake ni wengi. Gharama iko kwenye mafuta ya taa, usiku baada ya usiku. Mwaka 2018 serikali iliyaongezea ushuru wa shilingi 18 kwa lita. Tone la mvua likigusa kioo chenye moto, kinapasuka.

Taa ya sola haidai mafuta. Tatizo ni betri: mawingu yakitanda mchana kutwa, mwanga hufifia kabla ya alfajiri, na betri mpya ni pesa nyingi kwa mpigo.

Unayevua giza lote na una pa kuchajia, chukua sola. Wa mara mojamoja, karabai inamtosha.