Uzoefu wangu na reinjifainda, toka Yashica ya mjomba mpaka Leica M10

Naulizwa sana mbona bado natembea na hizi kamera za reinjifainda, za kuweka fokasi kwa mkono, na kazi yangu ni picha, si ninunue zile zinazojitafutia fokasi zenyewe. Basi leo niseme yote.

Nimeanza na Yashica Electro 35 ya mjomba, alikuwa na studio ndogo hapa Mombasa. Modeli hiyo ilitoka 1966, lenzi 45mm f/1.7, we unachagua apacha (tundu la lenzi, ndo hizo namba za f, namba kubwa tundu dogo) na spidi, yaani muda shata inakaa wazi, inajipanga yenyewe, ikiwaka taa ya njano ujue spidi imeshuka tuliza mkono, ikiwaka nyekundu mwanga umezidi. Mjomba alinifundisha kusikiliza, ukivuta filamu lazima usikie "klak" ndani, usipoisikia kile kipedi cha mpira kimeoza na picha zitatoka ovyo. Mpaka leo nikienda kununua ya mtumba naweka sikio kwanza.

Kwa asiyejua, reinjifainda huchungulii ndani ya lenzi, unachungulia kidirisha cha pembeni, katikati kuna kidoa cha mwanga kinachokuonyesha mtu mara mbili, unazungusha lenzi mpaka wale wawili wawe mmoja. Mtu wa kanzu mi natafuta ile darizi ya shingoni, ina mistari inashikika haraka.

Ila iliyonikamata kabisa ni Leica M3. Hii ilitoka 1954 kule Wetzlar, Ujerumani, na kidirisha chake sijaona mfano, ukuzaji ni 0.91 yaani vitu unaviona karibu na ukubwa wake halisi, kwa hiyo napiga macho yote mawili wazi, jicho la kulia liko kwenye fremu la kushoto linaona barabara nzima, nani anakuja, nani anatoka. Mita ya mwanga haina, nimezoea, jua la saa saba na filamu ya ISO 400 naweka apacha f/16 na spidi 1/500 ya sekunde, nikiingia vichochoro vya Mji wa Kale nafungua mpaka f/4. Fremu zilizochorwa kwenye kidirisha ni za lenzi za 50, 90 na 135mm tu, ukipenda lenzi ya 35mm tafuta Leica M2.

Muhimu sana hii, pazia la shata, lile linalofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu, ni la kitambaa na hakuna kioo cha kuakisi mbele yake cha kulikinga. Siku moja niliiacha barazani imeelekea jua lenzi wazi, jua likatoboa pazia, roli nzima ikatoka na kidoa cheupe pale pale kila picha. Niliumia jamani. Kama hupigi ielekeze chini au fungia apacha mpaka f/16.

Leica M10 ya 2017 ndo ya kazi sasa, hii ni ya dijitali, megapikseli 24, imerudi wembamba wa zile za filamu, na lenzi yangu ile ile ya M3 inaingia bila adapta. Bei kwa kweli ni kali, nimejinyima miaka. Na kama unapiga mpira au wadudu usinunue, fokasi ya mkono haiwahi mpira, na kwa wadudu lenzi zake nyingi haziendi karibu zaidi ya sentimita 70. Anayeanza atafute reinjifainda za filamu kama Canonet QL17 au Zorki 4, ila Zorki vuta filamu kwanza ndo ubadilishe spidi, ukigeuza kinyume unaharibu.

Juzi nilikuwa na M3 kwa muuza kahawa, fokasi nishaweka kwenye mkono wa dele, nasubiri amimine. Jicho la kushoto likamuona mtoto anakuja mbio na kashata mkononi, bado yuko nje ya fremu. Nikamngoja, nikamngoja, alipokanyaga mstari wa fremu nikabonyeza, shata ikasema "tik" ndogo, mzee hakuinua hata kichwa. Filamu nimeiosha jana usiku. Mguu wa mtoto uko hewani na kahawa haijafika kikombeni.