Nimeuziwa nusu ya mtu: kitabu cha maisha ya Red Cloud

Msinunue. Naanza na hilo ili anayepita haraka asiseme hakuambiwa. Mwenye nafasi abaki, maana kitabu chenyewe kina mazuri mengi, na hasira zangu si zote za mwandishi.

Ni maisha ya Red Cloud, Mahpiya Luta kwa lugha ya kwao, kiongozi wa Waoglala, ambao ni Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani. Nilikiagiza kwa muuzaji mmoja wa hapa Dar anayetangaza vitabu mtandaoni. Hela nikatangulia kutuma kwa simu, kitabu kikaletwa na bodaboda kikiwa ndani ya nailoni, kipya kabisa. Siku hiyo sikupika.

Nusu ya kwanza, jamani, huyu mtu anajua kuandika. Hakimbilii bunduki. Anaanza na mtoto aliyezaliwa mwaka 1821 hivi karibu na mto Platte, aliyefiwa na baba kwa sababu ya pombe ya wafanyabiashara, akalelewa na mjomba wake, Old Smoke. Unamwona anavyokua, anavyotafuta jina kwa farasi na kwa vita dhidi ya Wakrow na Wapawnee, hata ukifika mwaka 1866 unajua ni mtu wa aina gani anayeingia kwenye kikao cha Fort Laramie. Pale serikali ya Marekani ilikuwa inaomba ruhusa: wachimba dhahabu wapite njia ya Bozeman kwenda Montana, katikati ya nchi ya mto Powder, ambako ndiko kulikobaki nyati. Kikao hakijaisha, anatokea Kanali Carrington na wanajeshi wake, wametumwa kujenga ngome kwenye njia hiyohiyo. Yaani mtu anakubishia hodi huku mwenzake ameshapitia dirishani. Red Cloud akaondoka. Nilifunga kitabu kidogo, nikakifungua tena.

Halafu Fort Phil Kearny, moja ya ngome hizo. Mwandishi anakuonyesha ngome kwa upande wa kuni. Ngome ni ya magogo, baridi ni ya Wyoming, msitu uko mbali, kwa hiyo kila siku magari ya kukokotwa lazima yatoke kwenda kukata miti, na kila yanapotoka yanavamiwa. Tarehe 21 Desemba 1866 yakavamiwa tena. Kapteni Fetterman akatoka kuyaokoa, ameambiwa asivuke kilima cha Lodge Trail. Mbele yake vijana wachache wa farasi wanajifanya wamezidiwa, wanasogea, wanasimama, wanasogea. Akavuka. Upande wa pili walikuwa wamelala mamia kwa mamia ya Walakota, Wacheyenne na Waarapaho. Walitoka watu 81, Fetterman akiwemo, hakurudi hata mmoja. Na nilimheshimu mwandishi kwa kutomweka Red Cloud bondeni kwa nguvu ili hadithi inoge. Anasema wazi kwamba wanahistoria hawajakubaliana kama mwenyewe alikuwepo siku ile.

Ukafika mwaka 1868. Wanajeshi wakahama ngome zote tatu za njia ile, zikachomwa, na baada ya hapo tu, mwezi Novemba, ndipo Red Cloud akaenda kutia alama yake kwenye mkataba. Serikali iliyokuwa imetoka kuyashinda majimbo yake ya Kusini katika vita vikubwa ilikubali masharti ya mtu wa farasi. Nikafunua ukurasa nikiwa na hamu ambayo siwezi kuieleza.

Wakata miti wakavamiwa tena.

Nikadhani macho. Nikaangalia namba za kurasa: zimerudi nyuma. Fungu zima la kurasa za Fetterman limebandikwa mara ya pili, neno kwa neno, na likiisha unamkuta Red Cloud kipofu, mzee sana, anakaribia kufa. Alikufa tarehe 10 Desemba 1909. Kati ya moshi wa ngome na kaburi hakuna kitu. Miaka 41, mabibi na mabwana. Kurasa sitini na kitu hazimo.

Hapo bado sikuwa na neno na mtu. Viwanda hukosea, hilo naelewa. Nikampigia muuzaji kwa upole, nikamwamkia vizuri, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Dada yangu, si vita umevisoma? Hapo mbele mzee anakaa tu kambini anasubiri mgao. Hujapoteza kitu."

Nikamwambia kaka, mimi nimelipia kitabu kizima. Akasema wateja wengine wamechukua hichohicho na hakuna aliyelalamika, na kwamba watu wanaosoma mpaka mwisho ni wasumbufu. Nikatuma picha za kurasa. Akanifungia namba.

Sasa kunifungia namba ni utovu wa adabu tu, nitapona. Lakini hilo la "mzee anakaa tu" halijaniacha mpaka leo. Kwa sababu niliazima nakala nzima kwa rafiki anayefundisha chuoni, nikasoma zile kurasa zilizokosekana usiku mmoja, na nawaambia nyie mnaosoma hapa: mtu mwenyewe yumo humo. Kama vita vya Bozeman ndivyo vilivyomtambulisha, hiyo miaka 41 ndiyo iliyomgharimu.

Mwaka 1870 anapanda treni kwenda Washington kumwona Rais Grant. Ofisini, mbele ya Ely Parker, kamishna wa serikali wa mambo ya wenyeji, ambaye naye alikuwa mwenyeji wa asili, wa kabila la Seneca, anasomewa mkataba aliotia alama. Anasema wazi kwamba mambo haya hakuwahi kuelezwa. Fikirieni hali hiyo: umeshinda vita, halafu ushindi wako uko kwenye karatasi usiyoweza kuisoma, na anayekusomea ni wa upande wa pili. Hakurudi nyumbani kimya. Alipita New York, akasimama kwenye ukumbi wa Cooper Union, akawaeleza raia wa kawaida moja kwa moja, watu wakajaa kumsikiliza.

Na kile kisa cha Profesa Marsh! Mwaka 1874 anakuja huyu bwana wa Chuo Kikuu cha Yale kutafuta visukuku vya wanyama wa kale karibu na kituo cha serikali ambako watu wa Red Cloud walikuwa wakipokea mgao. Red Cloud anamkabidhi sampuli za vyakula wanavyopewa, vibovu, avifikishe Washington kama ushahidi. Na Marsh akavifikisha, mwaka uliofuata ukawa uchunguzi na kelele kubwa magazetini. Sasa niambieni, huyo ni mzee anayekaa tu anasubiri mgao? Huyo ni mtu aliyegeuza mgao wenyewe kuwa kesi.

Mwaka 1875 serikali inataka kununua Black Hills, milima iliyokuwa ndani ya nchi ya Walakota, baada ya msafara wa jeshi ulioongozwa na Custer kutangaza dhahabu. Wanataja dola milioni 6. Red Cloud anajibu kwa kudai chakula cha vizazi saba vijavyo. Hawakuelewana. Mwaka 1876 hakwenda vitani, ingawa mwanawe Jack alikwenda, na bado mwezi Oktoba jeshi likawazingira watu wake alfajiri, likachukua bunduki zao na farasi zaidi ya 700. Mtu aliyetii mkataba! Kisha mwaka 1877 Bunge likaichukua Black Hills kwa sheria, wakati mkataba wa 1868 ulisema ardhi haitolewi bila saini za robo tatu za wanaume wazima. Saini zilizopatikana hazikukaribia hapo. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe ilikubali kwamba wanastahili fidia, zaidi ya dola milioni 100, na Wasioux, taifa ambalo Walakota ni sehemu yake, mpaka leo hawajaigusa hela hiyo, wanataka ardhi. Kifungu kile walichokifunga wazee wa 1868 ndicho wajukuu wanachokishikilia hadi sasa. Na muuzaji wangu anasema sijapoteza kitu.

Basi nilipofika hapo nilikuwa nimeshabadili mawazo: nunueni, ila kwa mtu mwingine. Nyota tano kwa mwandishi.

Lakini nikaendelea kusoma, na nyota moja nikainyang'anya. Hata nakala nzima, ikishafika Pine Ridge, eneo ambako serikali iliwaweka Waoglala, inaanza kukimbia. Miaka saba ya mvutano na McGillycuddy, wakala wa serikali pale, kuanzia 1879 hadi 1886, inapewa kurasa chache, na McGillycuddy ndiye anayesemeshwa zaidi kwa sababu ndiye aliyeacha maandishi. Upinzani wa Red Cloud mwaka 1889, walipokuwa wanaigawa nchi iliyobaki vipande vipande, unapita kama tangazo. Wounded Knee, ambako jeshi liliwaua Walakota kwa mamia tarehe 29 Desemba 1890, iko karibu na nyumbani kwake, na hapo nilitaka kukaa na huyu mzee, nijue alifanya nini wiki ile, alimwambia nani nini. Nikapewa aya mbili. Na jinsi mwandishi alivyokuwa mvumilivu kwa kuni za Fort Phil Kearny! Inaonekana naye, ndani kabisa, anadhani vita viliisha 1868. Hapo alinikera karibu kama yule kaka, kwa sababu yeye anajua zaidi.

Ila sitamtupa. Kisa cha Marsh amekiandika kwa uangalifu mkubwa, na bila yeye nisingekijua. Nyota inarudi nusu. Mkipata nakala nzima isomeni, tena isomeni kuanzia 1868, halafu ndipo mrudi kwenye vita.

Kabla hamjalipa, chaneni nailoni mbele ya huyo bodaboda, hata akinung'unika. Tafuteni pale ngome zinapochomwa, mfunue ukurasa mmoja mbele. Mkikuta Washington, lipeni. Mkikuta magari ya kuni, mrudishieni kitabu chake. Mimi hela yangu bado naidai, na namba nyingine ya kumpigia ninayo.