Modeli ya SU-76M, kipimo cha 1/35: uzoefu wangu

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano imeliwa na karatasi ya maelekezo, plastiki yenyewe haina kosa kubwa.

Nilianza na rula. SU-76M halisi, gari la Kisovieti la kubeba mzinga katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilikuwa na urefu wa mita 5 hivi, upana wa mita 2.7 na kimo cha mita 2.1. Gawanya kwa 35 unapata sentimita 14.3, 7.7 na 6. Modeli hii haipishani na hesabu hiyo hata kwa milimita moja. Cheni zake zina upana wa milimita 8.6, sawasawa na zile za kweli za milimita 300.

Chasisi ni ya kifaru chepesi T-70 iliyorefushwa. T-70 ina magurudumu 5 kila upande, hii ina 6, na juu kuna roli 3 za kubeba cheni. Spoketi, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni, iko mbele. Mikono ya magurudumu huja mmoja mmoja, jumla 12, na matundu yake yamelegea kidogo. Ukiibandika kwa macho tu, gurudumu moja au mawili yataning'inia hewani. Pindua mwili juu chini, bandika mikono yote kwa mkupuo mmoja ukitumia gundi ya kawaida ya plastiki, kisha laza rula juu ya ncha zake kabla haijakauka na usukume ule uliojitokeza. Supagluu usiiguse hapa, inashika kabla hujanyoosha kitu. Madigadi yasubiri. Maelekezo yanataka yabandikwe mapema, lakini yakishakaa huwezi tena kuingiza kidole kuikandamiza cheni ilale kwenye zile roli, na cheni ya juu iliyonyooka kama kamba ya nguo inaharibu kila kitu.

Wengi wanauliza kwa nini eksozi iko kulia na mzinga umesogea kushoto ya mstari wa katikati. Hujakosea kubandika, gari lenyewe ndivyo lilivyokuwa. Toleo la kwanza, SU-76 isiyo na M, lilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1942 likiwa na injini mbili za petroli za nguvu farasi 70 kila moja. Zilikaa ubavu kwa ubavu, kila moja na giaboksi lake. Kuzifanya zizunguke kwa mwendo mmoja kulishindikana: moja inatangulia, nyingine inachelewa, na tofauti hiyo inaishia kwenye shafti na meno ya gia mpaka yanakatika. Utengenezaji ulisimamishwa 1943. Mbunifu wake, Semyon Ginzburg, alibebeshwa lawama, akapelekwa mstari wa mbele na akafia huko mwaka huohuo. Kwenye M, injini mbili zilipangwa moja nyuma ya nyingine upande wa kulia wa mwili, zikaunganishwa na kulisha giaboksi moja, mpango ambao T-70 ilikuwa nao tayari.

Kazi halisi iko kwenye chumba cha mzinga. Toleo la kwanza lilikuwa na paa, na wahudumu walikuwa wakisongwa na joto na moshi wa baruti. Kwenye M paa likaondolewa (ukiona modeli ya "SU-76M" yenye paa la chuma, mtu amechanganya matoleo), kwa hiyo kosa lolote la ndani litaonekana na kila anayepita mezani. Karatasi inasema ubandike kuta zote kwanza, halafu ushushe mzinga. Usifuate. Kinga ya nyuma ya mzinga itagonga ukuta wa kushoto, utalazimisha, na kiti cha mlenga shabaha kitang'oka. Mpangilio uliofanya kazi ni huu: sakafu, rafu za makombora, mzinga na viti, paka rangi, halafu ukuta wa mbele, kisha wa pembeni ambao tayari umepakwa upande wa ndani.

Kabla ya kubandika kuta, tazama kingo zake za juu. Deraya ya mbele ya chumba ilikuwa milimita 25 na ya pembeni 10 hadi 16 tu. Kwa kipimo hiki, ubavu unatakiwa uwe chini ya nusu milimita, lakini plastiki ina milimita nzima na inaonekana kama ukuta wa matofali. Shika kisu kimelala, kwangua ukingo kwa mshazari kutoka ndani mpaka ule wa nje ubaki mwembamba kama kadi, kisha pitisha msasa laini. Inachukua nusu saa kila upande na hakuna hatua inayobadilisha sura ya modeli kuliko hii.

Gari halisi lilibeba makombora 60. Boksi linatoa machache, hayajazi hata rafu moja. Ganda la shaba la kombora hilo lilikuwa na urefu wa milimita 385, yaani 11 kwa kipimo chetu, kwa hiyo ukiongeza kutoka boksi jingine pima kwanza.

Mzinga ni ZiS-3 wa milimita 76.2, uleule uliokokotwa uwanjani. Kwenye magurudumu yake uliinuka hadi nyuzi 37, ndani ya gari uliishia 25. Modeli inakuachia uinue upendavyo. Kata pembetatu ya karatasi ya nyuzi 25 uitumie kama kizuizi.

Kuhusu uchakavu, fikiria kazi yake. Hili halikuwa la kupigana uso kwa uso na Tiger, kifaru kizito cha Wajerumani. Lilitembea nyuma ya askari wa miguu, kwenye vikosi vya magari 21, likifyatua makombora ya kilo 6.2 kwenye vibanda vya bunduki za rashasha. Kifaru kizito lilikivizia ubavuni. Mjini lilipata tabu, kwani guruneti moja kutoka ghorofa ya pili linatua katikati ya wahudumu. Askari walilibatiza "Ferdinand mwenye matako nje", kwa jina la gari zito la Wajerumani la kuwinda vifaru. Lakini kwa tani 10.5 lilipita kwenye mabwawa ya Belarus mwaka 1944 ambako kifaru T-34 kilikuwa kinazama. Tope hadi juu ya magurudumu basi si kutia chumvi.

Rangi ni kijani cha 4BO, kile cha kawaida cha magari ya jeshi la Sovieti, nje na ndani. Nyeupe ya ndani waachie vifaru vilivyofungwa juu. Mimi huchanganya kijani sehemu 3 kwa njano ya haradali sehemu 1, na chumbani naongeza tone la nyeupe kwa sababu kivuli kinaimeza. Turubai haimo kwenye boksi. Tengeneza kwa tishu iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ikunje juu ya ukuta wa nyuma: wahudumu waliitandaza juu ya chumba wakati wa mvua, na inaficha ile kona ya kulia ambayo ukuta na sakafu havikutani vizuri.