Uzoefu wangu: Saturn V ya LEGO, roketi ya mita moja nyumbani kwetu Malindi

Dada yangu anayefanya kazi Doha ndiye aliyeniletea seti hii ya vipande vya LEGO vya kuunganisha, mfano wa Saturn V, roketi iliyowapeleka wanaanga wa Apollo mwezini. Boksi halikuingia kwenye sanduku lake la safari, basi akaliacha hukohuko, mifuko ya vipande akaipanga katikati ya nguo, na kitabu cha maelekezo akakibeba mkononi. Vipande ni 1,969, hesabu iliyowekwa makusudi kukumbuka mwaka ambao Apollo 11 ilitua mwezini. Seti ilitoka 2017, ikarudishwa sokoni 2020.

Tumeijenga jioni tisa, mimi na binti yangu wa miaka kumi na mmoja, baada ya magharibi. Tulitandika shuka jeupe juu ya mkeka. Ukiwa na vipande vidogo kama punje za choroko, usifanye kazi hii juu ya zulia lenye maua.

Kilichonipendeza kuliko vyote, mgeni akija hakioni. Tofali ni la pembe nne na roketi ni mviringo, sasa unaanzaje? Unaanza na kiini cha mraba ambacho vinundu vyake vinatazama nje pande zote. Kisha unajenga mbavu zilizopinda, kila moja peke yake, na kuzikandamiza juu ya kiini hadi zilie "ta!" Ndani mna vipande vyekundu, vya manjano na vya buluu, na vyote vinafunikwa na weupe.

"Baba, mbona tunaficha rangi nzuri?" aliniuliza.

Nilipokosea ndipo nikapata jibu. Ubavu mmoja niliupachika juu kwa safu moja, na sikutambua mpaka sehemu ya pili ilipokataa kukaa sawa. Ile rangi ya ndani ndiyo iliyotuonyesha tulipopotea. Kiini kingekuwa cheupe kitupu tungekesha.

Roketi inaachana sehemu tatu, kama ile ya kweli. Chini injini tano, katikati tano, juu moja. Binti yangu alizihesabu kwa kidole, akataka kujua kwa nini zinapungua. Nikamweleza kwamba sehemu ya chini ilichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa, pamoja na oksijeni iliyopoozwa hadi ikawa kimiminika, kwa dakika mbili na nusu hivi, kisha ikaangushwa baharini. Kilichobaki kilikuwa chepesi zaidi. Akazitenganisha na kuziunga tena mara nne, kimya.

Kasoro zipo. Kurudia ubavu uleule kunachosha, na jioni ya tano tuliacha mapema. Mnara mwembamba wa kileleni hung'oka ukiinua roketi vibaya, kwa hiyo shika kiunoni. Chombo cha kutulia mwezini ni kidogo mno. Mimi ningekiongezea vipande. Lakini herufi na bendera zimechapwa kwenye vipande vyenyewe, hakuna karatasi za kubandika, na kwa hewa yetu ya chumvi hilo ni jambo kubwa. Tumeilaza juu ya vishikizo vyake vitatu, maana kusi ikivuma dirishani kitu cha mita moja kilichosimama hakina usalama.

Kwetu roketi si habari ya mbali. Jukwaa la San Marco liko baharini karibu na Ngomeni, na tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei, ikaitwa Uhuru. Roketi ya Scout iliyoibeba haikufika robo ya urefu wa Saturn V. Nilipomwambia binti yangu hivyo, alipima kwa mkono pembeni ya roketi yetu: shubiri moja hivi. Sasa anaijenga hiyo Scout kwa vipande vilivyobaki na vyake vya zamani, na anatafuta vya kutosha kutengeneza miguu ya jukwaa.