Tahadhari: Stendi ya pembeni bandia inayouzwa kama spea halisi ya pikipiki

Ndugu waendesha pikipiki, ninaandika tahadhari hii kwa sababu muuzaji ninayemzungumzia bado anauza, na kwa sababu bidhaa yenyewe ni ya aina ambayo wengi wetu huinunua bila kuikagua. Mtu anaponunua pedi za breki huzishika, huzipima na kuuliza maswali. Anaponunua stendi ya pembeni hutazama rangi na urefu, kisha hulipa. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Simtaji muuzaji kwa jina, kwani hubadilisha jina la duka lake la mtandaoni kila malalamiko yanapozidi, na jina la leo halitamsaidia mnunuzi wa kesho. Nitaeleza alivyonitendea na jinsi bidhaa yake ilivyo, ili umtambue hata akija kwa jina jingine.

Stendi yangu ya awali ilikuwa imetumika miaka 7. Tundu la bawaba lilikuwa limelika hadi kupata umbo la yai, na pikipiki ikawa inalala upande wa kushoto zaidi ya kawaida kila ninapoiegesha. Tangazo nililoliona lilionyesha stendi yenye springi mbili, moja ndani ya nyingine, pamoja na kibati kidogo kinachobonyeza swichi, na chini yake iliandikwa namba ya spea inayolingana na iliyo kwenye kitabu cha pikipiki yangu. Nilipoomba uthibitisho kwamba ni halisi, muuzaji alinitumia video ya sumaku ikinasa kwenye stendi, nami nikaridhika. Sasa ninajua kwamba sumaku inathibitisha jambo moja tu, kwamba kitu hicho kina chuma. Haisemi ni chuma cha namna gani, kimefuliwa au kimesubiwa, wala haisemi kama maungio yake yamechomelewa mpaka ndani au yamepakwa tu juu juu.

Mzigo ulipofika ulikuwa na springi moja. Nilimuuliza, akajibu kwamba hilo ni toleo jipya na kwamba springi moja nene inafanya kazi ya mbili. Hapo ndipo nilipopaswa kuurudisha bila kuifunga stendi hiyo kwenye pikipiki. Niliifunga, na nitaeleza mbele kidogo kwa nini kufunga ndiko alikokuwa anakungojea.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Wiki ya pili injini ilianza kuzimika yenyewe, na ilizimika kwa utaratibu ambao nilipaswa kuutilia maanani: ni pale tu nilipopita kwenye tuta au shimo nikiwa kwenye gia, kisha ikawaka tena bila shida yoyote. Nilimwandikia muuzaji. Jibu lake lilikuja upesi, na nadhani amelitoa kwa wengi kabla yangu: swichi ya stendi imekufa, kata waya zake mbili uziunganishe, pikipiki nyingi hufanyiwa hivyo. Nilimwomba fundi anifanyie, naye alisita, akaniambia kwamba angependa kwanza kuiangalia stendi yenyewe. Nilikuwa na haraka, nikamsihi aunganishe tu. Injini haikuzimika tena.

Siku ya nne baada ya hapo, nikiwa nakata kona ya kushoto kwa mwendo mdogo, nilisikia chuma kikikwaruza barabara, halafu pikipiki ikanyanyuliwa kutoka chini na gurudumu la nyuma likapoteza mshiko. Stendi ilikuwa imeshuka. Nilifanikiwa kuinyoosha pikipiki kwa sababu mwendo ulikuwa mdogo na mbele yangu hapakuwa na mtu. Ningekuwa kwenye mwendo wa barabara kuu, au ningekuwa nimempakia mke wangu kama nilivyofanya asubuhi ya siku hiyo hiyo, sina hakika kwamba ningeyaandika haya.

Swichi yangu, kumbe, ilikuwa nzima kabisa. Katika pikipiki nyingi za kisasa swichi hiyo huizima injini iwapo stendi iko chini na pikipiki imetiwa gia. Pikipiki ikiwa haina gia yoyote, injini huachwa iwake hata stendi ikiwa chini. Stendi niliyouziwa ilikuwa inaning'inia na kushuka kidogo kila pikipiki iliporuka kwenye tuta, swichi ikaliona jambo hilo na kufanya kazi iliyowekewa. Muuzaji alinishauri nimnyamazishe shahidi pekee aliyekuwa anasema ukweli kuhusu bidhaa yake. Jambo hili ndilo linaloniuma kuliko hasara ya fedha, kwa sababu mtu anayeuza stendi kila siku hawezi kuwa hajui maana ya injini kuzimika kwenye matuta.

Kinga hii haikubuniwa na watengenezaji kwa kujipendekeza kwa wanunuzi. Nchini Marekani, kanuni ya usalama wa magari namba 123 inataka stendi ijikunje kuelekea nyuma na juu inapogusa ardhi pikipiki ikiwa inakwenda mbele. Jumuiya ya Ulaya nayo ilitoa mwaka 1993 maelekezo mahususi kuhusu stendi za vyombo vya magurudumu mawili, maelekezo namba 93/31. Kipande hiki tunachokidharau kimetungiwa sheria zake chenyewe, kwa sababu stendi iliyosahaulika au iliyoshuka ni njia inayojulikana ya kumwangusha mpanda pikipiki kwenye kona ya kushoto.

Baada ya tukio lile tuliifungua stendi na kuilaza kando ya ile ya zamani, ambayo kwa bahati nzuri sikuwa nimeitupa. Nitaeleza tulichokiona kwa kirefu, maana humo ndimo udanganyifu ulimojificha.

Springi ya stendi haikuwekwa ili ivute juu tu. Stendi ikiwa imekunjwa, mstari wa mvuto wa springi hupita upande mmoja wa bolti ya bawaba na kuishikilia juu. Ikiwa imeshushwa, mstari huo huwa umevuka hadi upande wa pili na kuishikilia chini. Katikati ya safari ndipo springi hunyooka zaidi, na ndiyo maana stendi nzuri hukataa kidogo unapoisukuma kwa mguu, kisha ghafla huruka yenyewe hadi mwisho. Kwenye stendi niliyouziwa, kipini cha kushikia springi kilikuwa kimechomelewa karibu mno na tundu la bawaba, kwa hiyo ilipokunjwa mstari wa mvuto ulikuwa umeivuka bolti kwa kiasi kidogo sana na nguvu ya kuishikilia juu ilikuwa hafifu. Hata ungeifunga springi iliyo bora kuliko zote, stendi hiyo ingeendelea kushuka. Zaidi ya hayo, pale panapokuwa na springi mbili, moja ikikatika nyingine hubaki kuizuia stendi isianguke. Kwenye springi moja hakuna akiba hiyo.

Bolti ya bawaba ilikuwa na kasoro yake. Bolti halisi ina shina laini lisilo na hesi, yaani ile mistari ya kuzungushia nati, lililopimwa ili stendi izunguke juu yake bila kubanwa, na nati hukazwa mwisho ili kuifunga isilegee. Niliyotumiwa ilikuwa bolti ya kawaida yenye hesi kuanzia kichwani hadi mwisho. Hesi hizo zilikuwa zinaukwangua ukuta wa tundu kama tupa kila nilipoishusha na kuipandisha stendi. Ndani ya wiki hizo chache tundu lilikuwa limeanza kupanuka. Ulegevu huo usiupuuze hata ukiwa mdogo: bawaba ikiwa na upana wa sentimita 2.5 na stendi ikiwa na urefu wa sentimita 25, ulegevu wa milimita 1 kwenye bawaba huwa sentimita 1 kwenye unyayo, na pikipiki nzima inauegemea unyayo huo.

Mahali pa kibati cha swichi palikuwa na kipande cha bati kilichopindwa kwa mkono na kushikizwa kwa nukta mbili za kuchomelea. Fundi alikwangua rangi nzito nyeusi kwenye ungio la unyayo, na chini yake tukakuta matundu madogo madogo ya uchomeleaji mbaya. Sikungoja kuona lini ungekatika.

Sasa nieleze mwenendo wa muuzaji, kwa kuwa una hatua zinazojirudia. Nilipomtumia picha, kwanza alisema kwamba bidhaa iliyokwisha kufungwa hairudishwi, kwa hiyo kasoro isiyoweza kuonekana kabla ya kufunga haina mlalamikaji. Nilipopinga, alidai kwamba fundi wangu ndiye aliyeiharibu. Nilipofungua malalamiko rasmi kwa mtandao uliosimamia mauzo, lugha yake ilibadilika ghafla na kuwa ya upole. Aliniita ndugu, akaomba tuhamie kwenye simu yake binafsi, akaahidi kunirudishia fedha yote mara tu nitakapoyafunga malalamiko. Tafadhali lishike hili: ukishayafunga malalamiko, katika mitandao mingi ya mauzo huwezi kuyafungua tena, na muda wa kudai una kikomo. Ahadi yake inatolewa makusudi ili siku zikuishie. Mimi sikuyafunga, na nilirudishiwa sehemu ya fedha, si yote, kwa sababu sikuwa na picha za mzigo ukiwa unafunguliwa.

Juma lililofuata niliona stendi zile zile chini ya jina jingine la duka. Picha ilikuwa ile ile niliyoiona mwanzo, yenye mkwaruzo mmoja karibu na tundu la bawaba, yaani hata picha hiyo si ya mali aliyonayo.

Kwa anayetaka kununua, ombi langu la kwanza ni kwamba usiitupe stendi ya zamani hata ikiwa imevunjika, kwa maana ndiyo kipimo chako. Pima kutoka katikati ya tundu la bawaba hadi kwenye unyayo, pima kipenyo cha tundu, na zaidi ya yote pima umbali kutoka katikati ya tundu hadi kwenye kipini cha springi. Kisha mtake muuzaji akutumie vipimo hivyo hivyo pamoja na picha ya stendi iliyopigwa siku hiyo, ikiwa imelala kando ya rula na karatasi yenye tarehe. Mwenye mali mkononi hufanya hivyo kwa dakika chache. Wangu, nilipomjaribu kupitia akaunti ya rafiki, alituma tena video ya sumaku. Lipa kwa njia inayokupa haki ya kudai, rekodi ufunguaji wa mzigo bila kukatisha, na usifunge chochote kabla hujailaza stendi mpya juu ya ile ya zamani. Springi zikipungua au bolti ikiwa na hesi mwili mzima, rudisha siku hiyo hiyo.

Kwa aliyekwisha kuifunga, weka pikipiki kwenye stendi ya kati mahali tambarare, kunja stendi ya pembeni, kisha isukume chini kwa ncha ya kiatu kidogo tu na uiachie. Inapaswa kurudi juu kwa nguvu. Ikizubaa au ikibaki inaning'inia, usiipande pikipiki hiyo. Ishike unyayoni uitikise kushoto na kulia ili uusikie ulegevu wa bawaba. Halafu, pikipiki ikiwa bado kwenye stendi ya kati na hakuna mtu karibu na gurudumu la nyuma, washa injini, bana klachi, tia gia ya kwanza, na umwombe mwenzako aishushe stendi ya pembeni akiwa amesimama kando. Kama pikipiki yako ina kinga hiyo, injini lazima izimike palepale. Zipo pikipiki, hasa za zamani, zenye taa ya onyo tu au zisizo na swichi kabisa, na kwa hizo springi ndiyo kinga pekee uliyo nayo.

Kama waya zako zimeunganishwa kwa ushauri kama niliopewa mimi, zirejeshe kwenye swichi kabla ya safari nyingine yoyote. Wakati unasubiri spea nzuri, iondoe kabisa stendi mbovu na utumie ya kati; kuifunga kwa mpira ili isishuke ni kuahirisha tatizo mpaka siku mpira utakapokatika. Na hata iliyo nzima isikaliwe: uzito wa pikipiki pamoja na mtu aliyeketi juu yake ukiwa wote kwenye stendi ya pembeni hula bawaba haraka, na huenda hata yangu ya awali niliichakaza kwa mazoea hayo.

Ninapoandika haya tangazo bado liko hewani. Kama umepokea stendi yenye springi moja, bolti yenye hesi hadi kichwani na rangi nyeusi nzito iliyofunika maungio, tunza karatasi ya anwani iliyobandikwa kwenye mzigo, tunza stendi yenyewe pamoja na ujumbe wote mlioandikiana, na usiyafunge malalamiko yako mpaka fedha iwe imeingia mikononi mwako.